Ugomvi wa redio za siasa unapangwa kabla ya simu ya kwanza kuingia

Shoo za siasa za asubuhi huku kwetu, ukianzia Nakuru ushuke Kericho mpaka Kisumu alafu upande Kakamega na Bungoma, zimefika mahali pabaya na naona tuongee hii mambo kwa ukweli kabla uchaguzi wa 2027 haujafika. Kuna wakati mtu alikuwa anapiga simu kuuliza pesa ya barabara imeenda wapi. Siku hizi wageni wawili wanaletwa studio, mmoja wa serikali mmoja wa upinzani, hata dakika kumi hazijaisha wameshaitana wezi na vibaraka, presenta anacheka, anasema laini ziko wazi, na wananchi wanaingia kuendeleza pale wageni wameachia. Shoo ikiisha hakuna mtu amejua kitu chenye hakujua akiamka, isipokuwa nani wa kuchukia leo.

Sasa watu wamegawanyika mara mbili juu ya hii kitu. Kuna wale wanasema serikali ichukue hatua, stesheni ingine ifungwe ndio zingine zipate adabu. Na kuna wale wanasema hii ndio demokrasia tulipigania, mwenye hataki azime redio. Mimi ni msikilizaji wa hizi shoo wa miaka mingi sana na nadhani wote wana ukweli ndani yao, lakini wote wanamwangalia mtu mmoja tu, yule mwenye anapiga simu, na kwangu mimi huyo ndio wa mwisho wa kulaumiwa.

Tuanze na wale wanatetea redio ju hoja zao ni nzito kuliko venye watu wanadhani. Hii nchi ilikuwa na sauti moja miaka mingi, Sauti ya Kenya, baadaye KBC. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi wa anga walipotaka kupindua serikali walikimbilia studio mapema kabisa, wakamlazimisha mtangazaji Leonard Mambo Mbotela kutangaza kwamba serikali imeanguka, ju kila mtu alijua mwenye ameshika ile maikrofoni ameshika nchi. Redio za watu binafsi zilianza tu katikati ya miaka ya tisini, Capital FM ikaja 1996, Kameme ikaja 2000 na Kikuyu, na hazikukaa zikafuata Ramogi, Kass, Mulembe na zingine nyingi. Kwa mara ya kwanza mama anauza omena soko la Kibuye, Kisumu, aliweza kumuuliza waziri swali kwa lugha yake na waziri akajibu, na nchi nzima ya watu wa lugha hio ikasikia. Hio si kitu ndogo hata kidogo, na mtu mwenye hakuishi ile miaka ya sauti moja asikimbilie kusema redio zifungwe.

Alafu hasira yenyewe. Agosti 2017 baada ya uchaguzi polisi waliingia mtaa wa Nyalenda, Kisumu, usiku, wakapiga watu ndani ya nyumba, na mtoto wa miezi sita akafa na majeraha ya rungu. Mtu wa Kisumu akipiga simu redioni akipaza sauti juu ya polisi na serikali, wewe unamwambia apunguze sauti kwa msingi gani? Hio si chuki ya chama, ni mtu anasema kitu kilifanyika kwao. Ukiweka sheria ya kunyamazisha hasira utanyamazisha hio kwanza, ndio baadaye sana ufikie wale wachochezi wenyewe.

Na hii kufunga tushaijaribu. Tarehe 30 Desemba 2007, siku matokeo ya urais yalitangazwa, serikali ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja. Watu hawakunyamaza, walihamia kwa esemesi, na zile esemesi zilikuwa mbaya kuliko chochote chenye kingesemwa hewani, na hakukuwa na presenta wa kusema hapana hio si kweli. Januari 2018 runinga kubwa zikazimwa ju ya Raila kujiapisha kama rais wa wananchi pale Uhuru Park. Tarehe 25 Juni 2025 Mamlaka ya Mawasiliano ikaagiza stesheni ziache kuonyesha maandamano, korti ikasimamisha. Kila mara sababu ni usalama, na kila mara ni siku yenye serikali yenyewe ndio inaulizwa maswali.

Haya, sasa upande wa pili, na hapa mtu wa Nakuru hahitaji kuambiwa sana. Tume ya Waki, ile ilichunguza vurugu za baada ya uchaguzi, ilihesabu watu 1,133 waliokufa kwa ile vurugu ya 2007 na 2008, na wengi sana walikuwa Bonde la Ufa. Uwanja wa maonyesho hapa Nakuru ulijaa familia zenye zilikuwa zinakaa kwa hema. Tume hio ilisikia ushahidi kwamba redio za lugha za mama zilitumika kupasha watu moto, wapiga simu wanasema chochote na presenta anaacha iende. Joshua arap Sang, presenta wa Kass FM, alipelekwa mpaka The Hague kwa korti ya kimataifa ya jinai, na tuwe wa haki hapa, kesi ilivunjwa Aprili 2016 kabla hata ya yeye kujitetea ju majaji wengi waliona ushahidi hautoshi, kwa hivyo hakuna mahali alipatikana na hatia. Lakini kesi kuvunjika hakufuti swali lenye lilikuwa ndani yake, kwamba presenta akisikia mtu anaita kabila lingine wageni kwa ardhi ya wengine, kazi yake ni gani?

Kitu moja sikubaliani na watu wa huu upande ni kutaja Rwanda kila siku. RTLM, ile redio ya chuki ya huko, ilianza kutangaza 1993 na ilikuwa ya watu waliokuwa na mpango na wanamgambo tayari, ilitaja majina ya watu na mahali walijificha ndio wauawe. Stesheni zetu sivyo ziko, na ukizilinganisha hivyo unafanya watu wa redio wakatae kusikiza hata lile la ukweli. Mfano wa karibu na sisi kwangu ni Marekani. Kule kulikuwa na kanuni tangu 1949 yenye ililazimisha stesheni kupea pande zote nafasi kwa mambo mazito, ikaondolewa 1987. Mwaka uliofuata Rush Limbaugh akaanza shoo yake ya nchi nzima, masaa mengi kila siku ya kazi, upande mmoja tu, na ikalipa vizuri sana. 1996 sheria ikaruhusu kampuni moja kumiliki stesheni bila kikomo nchi nzima, zikanunuliwa kwa mamia, na shoo za aina hio zikapelekwa kila mji. Hakuna mtu aliagiza watu wachukiane. Ilikuwa hesabu ya biashara, msikilizaji mwenye hasira habadilishi stesheni, anangoja mpaka tangazo liishe.

Na huku kwetu hesabu ni hio hio, tena mbaya zaidi ju pesa ni kidogo. Machi 2024 serikali iliagiza matangazo yake yote yaende KBC, stesheni binafsi zikabaki zinatafuta. Kamari ilikuwa imejaza pengo, ukisikiliza shoo yoyote ni beti beti beti, alafu Aprili 2025 bodi ya kusimamia kamari ikasimamisha matangazo ya kamari siku 30. Sasa fikiria wewe ni stesheni ndogo huku mashinani, umeme unadai, presenta wanadai, na mheshimiwa anakuja na pesa taslimu anataka saa moja Alhamisi asubuhi. Utakataa? Si siri kwamba hizo saa zinauzwa, na zikiuzwa msikilizaji haambiwi, anadhani ni mahojiano. Ukiongeza wenye stesheni zenyewe ndio unaona vizuri, Kameme iko chini ya Mediamax yenye imehusishwa miaka yote na familia ya Kenyatta, na S.K. Macharia wa Royal Media, yenye iko na Ramogi na Mulembe na Inooro, 2022 alisimama wazi kabisa na Raila. Sisemi kila presenta anaambiwa aseme nini. Nasema mtu anajua mwajiri wake anapenda nini bila kuambiwa.

Kwa hivyo prodyusa anafanya nini? Anaita mgeni mwenye mdomo. Mtu anaelewa ripoti ya mkaguzi wa hesabu za kaunti hawezi itwa, ataongea polepole, ataleta takwimu, simu hazitaingia. Anaitwa yule aliwahi kutusi mtu wiki iliyopita. Alafu wapiga simu wenyewe, kila msikilizaji anawajua, ni sauti zile zile kila asubuhi, mmoja wa kule mmoja wa huku, na wengine wao unasikia kabisa wanasoma kitu wameandikiwa. Wewe wa kawaida ukijaribu laini hushiki. Ndio maana nasema ugomvi unapangwa. Ile simu ya kwanza ikiingia kila kitu kishapangwa kama mechi yenye refa amelipwa, na sisi tunamlaumu mshabiki kwa kupiga kelele.

Kama kuna mtu bado anaamini hii chuki ni ya kweli akumbuke tarehe 9 Machi 2018, Uhuru na Raila wakasalimiana kwa ngazi za Harambee House, baada ya mwaka mzima wa redio kutuambia hao wengine ni adui. Alafu ikarudiwa. Uchaguzi wa 2022 tukapigiwa kelele upya, Ruto na Raila, ndugu wakakosana, kuna watu wa mitaa ya Kaptembwo hapa Nakuru na Kondele kule Kisumu waliacha kununua kwa duka ya mtu ju ya alipigia nani. Julai 2024 serikali ya Ruto ikachukua watu wa ODM, chama cha Raila, John Mbadi akapewa Hazina ya taifa, Opiyo Wandayi akapewa kawi, Oparanya akapewa ushirika, na tarehe 7 Machi 2025 Ruto na Raila wakatia sahihi makubaliano pale KICC. Wageni wale wale walirudi studio zile zile, sasa wanaitana ndugu, na sijasikia presenta hata mmoja akifungua kanda ya 2022 aulize, mheshimiwa ulisema hivi, ulikuwa unatudanganya wakati ule ama unatudanganya sasa? Hapo ndio kazi ya redio ilianguka kwangu, kuliko hata matusi. Wanasiasa wana haki ya kupatana. Lakini mama Kondele mwenye alipoteza mteja hakuna mtu alimrudishia, na hakuna mtu alimwomba msamaha.

Sheria iko, tusidanganyane kwamba haiko. Katiba kifungu cha 33 kinalinda uhuru wa kusema na hapo hapo kinasema uhuru huo haufiki kwa uchochezi na matamshi ya chuki, na sheria ya uwiano ya 2008 inaweka adhabu. Lakini Januari 2022 Mithika Linturi, seneta wa Meru wakati huo, alisema Eldoret maneno ya kuondoa madoadoa, yaani watu wenye si wa pale, watu wa Bonde la Ufa wakashtuka ju wanajua hilo neno lilitumika wakati gani, akaomba msamaha, akafikishwa kortini hapa Nakuru, na kabla mwaka huo uishe alikuwa waziri wa kilimo. Mpiga simu akiona hivyo anajifunza nini? Na redio nazo zilicheza hio sauti asubuhi, mchana na jioni, kwa jina la kulaani.

Mimi siombi redio isiyo na upande. Mtu kuwa na upande si makosa na stesheni ikisema wazi sisi tunaunga mkono fulani sina shida, afadhali hio kuliko ya kujificha. Wala silaumu lugha za mama, matusi ya Kiswahili yako mengi pia. Ila nimeona stesheni za Kiswahili za hapa Nakuru presenta anajichunga zaidi, ju anajua wenye wanamsikiza ni Mkikuyu, Mkalenjin, Mluo, Mluhya na Mkisii, wote ndani ya matatu moja. Stesheni ya lugha moja haina huyo mtu wa kuogopa kumuumiza, na ni rahisi sana kuanza kusema "hao watu". Kwa hivyo hao ndio wanahitaji uangalizi wa ndani zaidi, sauti icheleweshwe sekunde chache kabla iende hewani, na saa ikiwa imelipiwa msikilizaji aambiwe mwanzo na mwisho imelipiwa na nani. Hio haihitaji serikali kufunga mtu.

Watu wa redio wakisikia hivyo wanasema bila moto watu watahama. Sikubali, ju tuliona Juni 2024. Mswada wa fedha ulipokuja na ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na asilimia 2.5 kwa gari, vijana waliutafsiri kwa lugha za huku, presenta wakausoma hewani kifungu baada ya kifungu, na simu ziliingia bila kukatika, wa Mlima, wa Bonde, wa Nyanza, wa Magharibi, wote wamekasirika na wote wanauliza swali moja. Tarehe 26 Rais alitangaza hatatia sahihi. Zile wiki sikusikia mtu akitaja kabila la mwenzake, na sikusikia prodyusa akilia hana wasikilizaji. Bajeti za kaunti ziko, ripoti za mkaguzi ziko, na uchaguzi ni tarehe 10 Agosti 2027.