Kushangaa nako ni lugha

Shuleni vihisishi tulifundishwa mwisho kabisa, mbio mbio: Lo! Ala! Ebo! Weka alama ya mshangao, funga daftari. Kwa maoni yangu tulipunjwa. Mtu anaweza kunyambua vitenzi vyote, lakini akishindwa kushangaa unajua hapo hapo kwamba lugha ameikariri.

Chukua Kifaransa. Wengi wetu tunadhani "oh là là" ni ya kusifia. Nilimkuta mama mmoja wa Lubumbashi akichagua vitenge Mtaa wa Congo, Kariakoo. Muuzaji akataja bei. Mama akashika shavu: "Oh là là là là!" Kijana wa watu akatabasamu, akaanza kukunja kitenge autie mfukoni mzigo uliopendwa. Kumbe mama kachukizwa na bei, tayari anaelekea duka la pili. Mfaransa husema hivyo kwa uzuri, kwa kero, hata kwa huruma. Sauti ndiyo inayoamua, kama "mh" yetu.

Inayonichekesha zaidi ni "ah bon?" Bon ni nzuri, lakini mwambie Mfaransa pikipiki yako imeibiwa, naye atakujibu "ah bon?" Ukiitafsiri neno kwa neno utamnunia bure. Anakuitikia tu uendelee. Na sisi ndivyo tulivyo: hebu simulia umbea Dar bila mtu kukupokea kwa "makubwa!" au "weee!", uone kama utaufikisha mwisho.

"Sacrebleu", kiapo cha zamani cha kushangaa, achana nayo, imebaki kwenye vichekesho. Dieu, yaani Mungu, aligeuzwa bleu, buluu, watu wasije wakakufuru. Sisi woga huo hatuna. Kikombe kikivunjika tu, Yarabi na Yesu na Maria wote wameitwa. Mfaransa wa leo akitaka kumeza tusi husema "punaise". Ni kunguni, jamani!

Wahispania wao ni ndugu zetu kabisa: "¡No me digas!" ni "usiniambie!" ile ile ya kwetu.

Ila "kumbe" ndiyo mtihani. "Tiens, tu es là?" ni "kumbe upo?" mtupu, na hapo tiens inatosha. Lakini kumbe ya mke aliyegundua mshahara uliongezwa tangu mwaka jana? Hapo tiens ni nyepesi mno. Mfaransa atahamia "ça alors!", yaani "makubwa haya!", au "alors comme ça…", yaani "kwa hiyo ndivyo…", akiivuta taratibu, macho hayapepesi.