Ada za Kapera

Wako watu wanaoamini kwamba mwanamume anayependa wanaume wenzake katika jiji la Nairobi huishi maisha ya anasa za siri, usiku kucha, huku pesa za wafadhili kutoka Ulaya zikimiminika katika akaunti yake ili azidi kupotoka. Mimi ni mhasibu, umri wangu umevuka arobaini, na ninamwomba yeyote anayejua akaunti hiyo imefunguliwa katika benki gani anielekeze, kwa maana tangu nijitambue sijawahi kupokea kitu. Nimekuwa nikilipa tu.

Nianze na nauli. Kila mwanamume Mkenya anaujua msiba wa kuliwa nauli, na nilipokuwa kijana nilijifariji kwamba, kwa kuwa msichana hayumo katika mipango yangu, angalau gharama hiyo itanipita kando. Wapi! Mtu mwenye ndevu kunishinda mimi, na sauti ya kuongoza mazishi, ananiandikia kutoka Rongai kwamba ana hamu kubwa ya kuonana nami ila mfuko umekauka. Namtumia mia tano kwa M-Pesa, ananijibu kwa kijialama cha moyo, anatangaza kwamba tayari yuko kwenye matatu, na Barabara ya Lang'ata inammeza moja kwa moja. Mimi nimesimama mbele ya jumba la Hifadhi ya Nyaraka, mahali ambapo Nairobi nzima hungojana, nimevaa shati lililopigwa pasi, nikitazama watu wengine wakitokewa na watu wao.

Linalouma si zile mia tano. Mwenzangu ofisini akiliwa nauli na msichana hulalamika kwa sauti, akachekwa, akapewa pole na kununuliwa chai. Mimi nikitaka pole hiyo hiyo sharti kwanza nimtunge msichana, nimpe mtaa na kazi, nikumbuke alikuwa anaitwa nani juma lililopita, kisha niseme ameniacha. Ndiyo maana wenzangu ofisini wanajua kwamba nimekimbiwa na wanawake wengi kuliko mtu yeyote katika idara ya fedha, na wananionea huruma kwa ajili ya viumbe ambao hawakuwahi kuzaliwa.

Tena huyo aliyekula nauli ni afadhali. Wapo wahuni wanaojifanya wachumba katika programu za simu, wakakualika nyumbani, na ukishavua viatu mlango unafunguliwa na vijana watatu wanaodai kuwa ni polisi, wanaomaliza salio lako lote na kukuuliza namba ya mama yako ni ipi. Kwa sababu hiyo kila mtu wa jamii yetu mwenye akili ana taratibu zake: unamtaka mtu mzungumze kwa video kwanza, mnakutana mahali penye watu na mwanga, na rafiki mmoja anajua uko wapi na utatoka saa ngapi. Hadi tuketi mezani nimeshamchunguza mtu kuliko benki inavyomchunguza mkopaji, na baada ya kazi yote hiyo anakuja bwana mwema, mwenye sura ile ile ya kwenye picha, asiye na kasoro yoyote, anayezungumza saa mbili nzima juu ya kuku wake wa mayai na bei ya chakula cha kuku. Hapo ndipo mtu anapojiuliza kama huyu ndiye niliyehatarisha kifungo kwa ajili yake.

Na kifungo chenyewe si kidogo. Kifungu cha 162 cha Kanuni ya Adhabu kinanikadiria miaka 14, na kile cha 165 kinakadiria mitano kwa mambo mepesi zaidi. Sheria hizi tuliachiwa na Waingereza, ambao kwao, England na Wales, waliacha kuwaadhibu wanaume wazima kwa jambo hili la faraghani mwaka 1967, nasi tukaendelea kuwatunzia mali yao bila hata kuwatoza ada ya uhifadhi. Mwaka 2019 tuliambiwa Mahakama Kuu itatoa uamuzi mwezi wa Februari. Februari ilipofika tukaahirishiwa hadi Mei. Binyavanga Wainaina, mwandishi aliyejitangaza mbele ya dunia Januari 2014, siku ambayo ofisini kwetu walibishana kutwa nzima nami nikajifanya ninapatanisha hesabu za benki, alifariki tarehe 21 Mei, na tarehe 24 majaji wakasema vifungu vibaki vilivyo. Kisha, Februari 2023, Mahakama ya Juu, majaji watatu dhidi ya wawili, ikaamua kwamba shirika la kutetea haki za mashoga na wasagaji lisinyimwe usajili. Kwa hiyo hali ya kisheria, kama ninavyoielewa mimi mtu wa vitabu vya fedha, ni kwamba tunaruhusiwa kuunda chama, kuchagua mwenyekiti, kuandika kumbukumbu za mikutano na kukaguliwa hesabu zetu kila mwaka, ila lile lililotukutanisha ndilo la miaka 14.

Katika nchi ya namna hii nilimpata Mwalimu. Simtaji jina, lakini ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili, mtu mpole, mwenye miwani, anayekunja soksi zake mbili mbili kabla ya kulala. Tatizo halikuwa yeye. Tatizo lilikuwa daftari la wageni pale langoni kwetu. Mwenye nyumba, baada ya wizi wa mitungi miwili ya gesi, aliamuru kila mgeni aandike jina, namba ya kitambulisho, nyumba anayokwenda, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na katika safu ya mwisho, iliyochorwa kwa rula na kalamu nyekundu, sababu ya ziara. Mwalimu alipofika mara ya kwanza alisimama mbele ya safu ile kwa muda ambao bawabu aliuona kuwa mrefu. Angeweza kuandika "rafiki", neno lisilomdhuru mtu, lakini hofu ina ubunifu wake, na mkono wake ukaandika: "kurekebisha bomba".

Bawabu wetu ni mtu makini. Ijumaa iliyofuata Mwalimu alipokuja tena, bawabu alimtazama mikononi, akaona mfuko wa ndizi na gazeti, akamuuliza vifaa viko wapi. Mwalimu akasema ameviacha ndani. Akaandika "bomba" tena, na safu ya saa ya kutoka ikajazwa kesho yake, saa tatu asubuhi. Baada ya majuma kadhaa bawabu alinivuta kando, kwa heshima, akaniambia: "Mkubwa, mimi si mtu wa kuingilia mambo, lakini huyu fundi wako anakula pesa zako. Bomba gani halitengenezeki? Tena anafanya kazi usiku." Nikamshukuru kwa kunijali. Nikamweleza kwamba mabomba ya jengo lile ni ya zamani.

Hilo jibu lilisambaa. Mama wa nyumba namba saba, ambaye sinki lake lilikuwa limeziba tangu shule zilipofunguliwa, alimngojea Mwalimu kwenye ngazi akiwa na ndoo mkononi, na Mwalimu, mtu aliyesomea shinikizo la vimiminika hadi chuo kikuu lakini hajawahi kushika spana, akaingizwa jikoni mwa watu. Nilikaa nyumbani kwangu nikisikiliza ukutani. Kwanza palikuwa kimya, kisha pakasikika chuma kikianguka, kisha mama akamwita Yesu, kisha maji. Alirudi kwangu ameloa hadi kwenye miwani, anatabasamu namna ambayo mimi sijawahi kumfanya atabasamu, na shilingi mia nane kiganjani. Tangu siku hiyo ana namba za wapangaji tisa, ana sanduku la vifaa, na Jumamosi asubuhi, muda ambao zamani tulikuwa tukinywa chai pamoja, yuko ghorofa ya tatu akibadilisha valvu ya choo. Mimi ndiye mwanamume pekee Nairobi aliyepokonywa mpenzi na majirani wasiojua kwamba ni mpenzi.

Nisilalamike sana juu yake, kwa maana aliyemtangulia alinigharimu zaidi. Yule tulikaa miaka, halafu akaniambia kwamba amechoka kuulizwa na baba yake na kwamba anaoa. Sikumlaumu, maana swali la baba lina uzito wake. Lakini juma lililofuata simu yangu ililia, nikajikuta nimeingizwa katika kundi la WhatsApp la kamati ya harusi yake, na kabla sijapata nafasi ya kulia vizuri nikateuliwa kwa kauli moja kuwa mweka hazina, kwa hoja kwamba mimi ni mhasibu na, zaidi ya hapo, kapera asiye na majukumu. Nikawa ninapokea michango ya kumpeleka mtu wangu kwa mtu mwingine, ninaiandika, ninatoa risiti, na kila jioni ninawakumbusha wale waliochelewa kwamba siku zimebaki chache, ndugu zangu, tusimwache mwenzetu peke yake. Keki ilipopangiwa shilingi elfu thelathini na tano niliipinga kikaoni kwa nguvu, kwa hoja safi za kihasibu, na hakuna aliyeshuku kwamba nilikuwa na hoja nyingine. Siku yenyewe nilitajwa katika hotuba ya shukrani, hesabu zilikuwa na ziada, na mchungaji akaniombea kwamba wangu naye yuko njiani. Kwa bibi harusi sina neno baya. Katika shughuli ile nzima ni yeye peke yake aliyetia sahihi bila kuonyeshwa vitabu, na hilo bado hunikosesha usingizi kuliko hata ile keki.

Wachache wanaonijua huniuliza ninajionaje, kana kwamba kila asubuhi ninasimama mbele ya kioo na kufanya mkutano. Nilijitambua shule ya bweni, kidato cha pili, kwa sababu ya mvulana aliyekuwa akipiga kengele ya alfajiri ambayo wenzangu wote waliichukia, nami nilikuwa nimeshaamka kuisubiri. Baada ya hapo sikuona jipya kubwa. Wanaotuchukia hunidhania mtu wa hatari, na vijana wetu wanaotutetea, ambao ninawaheshimu kwa ujasiri nisio nao, hunidhania shujaa aliyejificha. Wote wawili wamekuja nyumba isiyo yenyewe. Mimi ni mtu wa marejesho ya VAT kila tarehe 20. Nalala saa tatu usiku, nasikiliza matangazo ya vifo redioni kwa makini, na bendera yenye rangi nyingi ningeipenda zaidi kama ingeweza kufuliwa pamoja na nguo nyeupe. Ninachotaka duniani ni kuwa mtu wa kuchosha hadharani, nikitembea na Mwalimu sokoni tukigombana juu ya nyanya kama wale mabwana na mabibi ambao hakuna anayegeuka kuwatazama, na ajabu ni kwamba hicho, cha bei rahisi kuliko vyote, ndicho hakiuzwi.

Mama yangu yuko Voi. Zamani alikuwa akiniuliza nitaoa lini, na nilikuwa nimezoea; tulikuwa na maswali yetu na majibu yetu. Siku hizi swali limebadilika, kwa sababu mama ni mweka hazina wa kundi la kina mama kanisani, na ana daftari ambalo ndani yake ameandika kila mchango niliotoa kwa kila harusi ya ukoo tangu nianze kazi: watoto wa shangazi wote, watoto wa mjomba wote, mmoja wao mara mbili. Desturi ni kwamba fedha hizo hurudi siku yako inapofika. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 45, inanihakikishia haki ya kumwoa mtu wa jinsia tofauti na yangu, haki ambayo sijaigusa hata kidogo na ambayo, nimeichunguza, haiwezi kuuzwa wala kurithishwa.

"Pesa haiwezi kulala kwa watu namna hiyo," mama aliniambia kwenye simu majuzi. "Uoe usioe, hilo ni lako na Mungu wako. Lakini mjomba wako lazima alipe."

Ameamua kufanya sherehe ya shukrani. Shukrani ya nini, hajaamua. Anasema ukoo ukishakaa kwenye viti sababu itapatikana. Kamati imeundwa, mbuzi wameulizwa bei, na mimi, bila shaka, ndiye mweka hazina. Kisha akanyamaza kidogo, akaniuliza kama yule fundi wa bomba bado anakuja. Alimkuta kwangu alipokuja Nairobi kupimwa macho. Mwalimu alikuwa amelala chali chini ya sinki langu mwenyewe, kwa mara ya kwanza akirekebisha kitu halali katika nyumba hii, na mama akamshikia tochi nusu saa nzima huku akimuuliza kwao ni wapi.

"Tangi langu linavuja," akasema mama. "Mje naye kwa treni, Ijumaa, abebe vifaa vyake. Shuka asibebe, nimeshawatandikia chumba cha nje."

Nilipompelekea Mwalimu habari hizo alikaa kitandani kwa muda. Kisha nikamsomea orodha ya michango ambayo mama ameituma kwenye kundi, ambamo yeye hakuandikwa pamoja na wageni wala mafundi, bali amewekwa upande wa watoto wa nyumbani, chini yangu, kwa shilingi elfu mbili. Tangu jana analalamika kwamba elfu mbili ni nyingi mno kwa fundi wa bomba.