Kabla ya Hamani alikuwepo Timna

Kila Kitabu cha Esta kinapohubiriwa, mimi husubiri sentensi moja, na haichelewi kuja: Hamani alikuwa Mwamaleki, wa taifa lililokuwa adui wa Israeli tangu zamani, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Mwaka huu nimeisikia tena. Inaniuma, kwa sababu Wayahudi wenyewe, ambao Hamani alipanga kuwaangamiza wote kwa siku moja, nasaba yake hawakuisimulia hivyo.

(Namsema Hamani wa Shushani, mji wa kifalme wa Uajemi, mkuu wa mfalme Ahasuero. Hamana wa Firauni, anayetajwa ndani ya Qurani, ana habari yake.)

Esta 3:1 inamwita Hamani bin Hamedatha, Mwagagi. Msikilizaji wa Kiyahudi akisikia Mwagagi, anamkumbuka Agagi, mfalme wa Waamaleki ambaye Sauli, mfalme wa Israeli, alimwacha hai kinyume cha agizo la Mungu, hadi Samweli akamkata vipande vipande huko Gilgali. Na Mordekai je, Myahudi aliyempinga Hamani? Ni Mbenyamini, katika babu zake yumo Kishi, na Kishi ndilo jina la baba yake Sauli. Ni kesi ya zamani imefufuliwa ugenini, Uajemi. Sauli aliponzwa na kondoo na ng'ombe wa nyara, ambao aliagizwa kuwaangamiza akawabakiza. Katika Esta sura ya 9 tunaambiwa mara tatu kwamba Wayahudi hawakugusa nyara. Kwangu mimi hiyo si bahati tu, mwandishi alijua anamjibu nani.

Marabi wa Talmudi, mkusanyo mkuu wa mafundisho ya walimu wa Kiyahudi, hawakuishia kwa Agagi. Katika Megila, kitabu kimoja cha Talmudi, wanamtupia Sauli lawama: asingemwacha Agagi, Hamani asingezaliwa. Wapo waliopanda juu zaidi, baba kwa baba, hadi kwa Esau, maana Amaleki ni mjukuu wake. Midrashi, yaani tafsiri za kale za marabi, inasema Yakobo alimliza Esau kilio kimoja cha uchungu siku ile alipomnyang'anya baraka ya baba yao, na deni la kilio hicho likalipwa Shushani, Mordekai alipolia kwa uchungu katikati ya mji. Fikiria ujasiri wa kusema hivyo! Watu waliokaribia kuchinjwa wanaikagua kwanza nyumba ya babu yao wenyewe.

Lakini anayenigusa kuliko wote ni Timna. Mwanzo 36:12 inampa mstari mmoja: suria wa Elifazi, mwana wa Esau, aliyemzaa Amaleki. Wasomaji wengi tunapita haraka, majina ya Edomu yanachosha. Marabi walisimama hapo. Timna, walisema katika Sanhedrini, kitabu kingine cha Talmudi, alikuwa binti wa wakubwa, dada yake Lotani, mmoja wa majumbe wa nchi. Alitamani kujiunga na watu wa Abrahamu. Akamwendea Abrahamu, akamwendea Isaka, akamwendea Yakobo, wote hawakumpokea. Basi akakubali kuwa suria wa Elifazi, akisema heri awe mjakazi kwa watu hawa kuliko kuwa bibi mkubwa kwa taifa lingine. Akamzaa Amaleki, aliyekuja kuwatesa Israeli. Na kwa nini? Talmudi inajibu bila kuuma maneno: kwa sababu hawakupaswa kumsukuma mbali.

Najua nitajibiwa kwa Kumbukumbu la Torati 25, amri ya kufuta kumbukumbu ya Amaleki, ambayo husomwa katika masinagogi Sabato inayotangulia Purimu, sikukuu ya kukumbuka wokovu wa Esta. Ndiyo, ni maneno makali, na siku ya Purimu jina la Hamani huzimwa kwa kelele za kayamba na vishindo vya miguu. Hata hivyo Maimonides, mwanasheria mkuu wa Kiyahudi wa karne ya 12, katika sheria zake za wafalme, anaandika kwamba hata Amaleki ni lazima kwanza aitwe kwenye amani. Kama ubaya ungekuwa ndani ya damu, angeitwa ili iweje?

Mhubiri wa nyoka na mtoto wa nyoka angesoma pia kurasa chache nyuma ya ile ya Timna, katika Sanhedrini hiyohiyo. Hapo marabi wanawataja wazao wa adui wakubwa. Wazao wa Sisera, jemadari wa Kanaani aliyewaonea Israeli, walifundisha watoto Yerusalemu. Wazao wa Hamani, wa Hamani huyu aliyetundikwa kwenye mti wa dhiraa 50, walijifunza Torati huko Bnei Brak, mji wa wasomi wa Torati. Mlango aliofungiwa Timna, wajukuu zake waliuingia.