Anwani Iliyokataa Kukaa Kulia

Mimi ni katibu wa kamati ya barabara mtaani kwetu, Pasua. Ukatibu wenyewe nilipewa kwa sababu siku ile ni mimi tu niliyekuwa na kalamu mfukoni.

Juzi nikaichapa barua ya kuomba kalavati kwenye kompyuta ya mwanangu. Anwani ya mwandishi hukaa juu kulia, ndivyo tulivyofundishwa, basi nikabonyeza spesi mpaka kidole kikafa ganzi. S.L.P. ikasimama sawia chini ya jina langu kama mgambo kwenye gwaride.

Nikaenda steshenari jirani na stendi ya Moshi, sh. 500 kwa karatasi. Binti akachomeka flashi, faili likafunguka kwa fonti nyingine, na anwani imetawanyika kama vifaranga walioona mwewe.

"Baba, ulipanga kwa spesi?"

"Ulitaka nipange kwa kamba?"

Akazifuta zote, akaonyesha: Kontroli na R, maneno yanahamia kulia. L, kushoto. Ile YAH ikae katikati, E. Kwa nini E? Eti C ilishachukuliwa na kunakili. Nikanyamaza, maana kwetu kulia, kushoto na katikati zote ni K. Mashine hii tungeigundua sisi, tungetoana macho.

Ningeondoka hapo. Lakini ukingo wa kulia ulikuwa na meno kama msumeno, nami nikataka unyooke kama wa gazeti. Binti akasita. Nikamwambia bonyeza tu. Kontroli na J.

Kumbe mashine hainyooshi bure, inatanua nafasi kati ya maneno. Na Kiswahili chetu hiki! "Yanayotusababishia" halikuenea, likarukia mstari wa chini zima zima. Yaliyobaki juu yakaachana kiasi cha bodaboda kupita na mishikaki. "Wako katika ujenzi wa taifa" ndiyo usiseme. Nilikuwa nimeshuka mstari kwa Shifti na Enta. Ningetumia Enta tupu, mstari wa mwisho wa aya usingeguswa. Ukavutwa: "Wako" yuko Kibosho, "taifa" liko Himo.

Tukairudisha kushoto. Karatasi tatu zilishatoka, na binti hakusahau hata moja.

Ofisini karani akaipokea bila kuitazama, akagonga muhuri. Ukakaa upande, juu ya anwani yote.