Nenda, Wewe na Yeye Peke Yenu

"Naomba tumkumbuke dada yetu mmoja wa kwaya katika maombi. Siwezi kusema zaidi, Mungu anajua."

Aliyewahi kukaa kwenye kikundi cha maombi anaifahamu sentensi hii. Ikishatamkwa, macho yanabaki yamefumbwa lakini masikio yanasimama. Kabla ya Amina watu watatu wameshakisia ni dada yupi, na kufika jioni kisa kimeota miguu. Dada mwenyewe, anayesemekana alimjibu mwenzake vibaya mazoezini, hajaambiwa neno. Atashangaa tu Jumapili mbona salamu zimekuwa fupi.

Huo ni umbea uliovishwa kanzu, na kwa maoni yangu umepasua makanisa mengi kuliko mafundisho potofu. Magomvi mengi ya kanisani hayakuwa makubwa yalipoanza. Yalikua kwa sababu hatua moja ilirukwa, ile ya kwanza kabisa aliyoitaja Yesu katika Mathayo 18:15: "Na ndugu yako akikukosa, enenda ukamwonye, wewe na yeye peke yenu, akikusikia, umempata nduguyo." Hatua zinazofuata tunazijua vizuri: mashahidi, kanisa, kutengwa. Tuna hata vikao vyake. Hii ya watu wawili haina kikao wala mwenyekiti, kwa hiyo hakuna anayeulizwa imefanyika au la.

Tazama pia agizo hilo limekaa wapi. Juu yake, mistari ya 12 hadi 14, kuna mchungaji anayewaacha kondoo tisini na tisa kumtafuta mmoja. Chini yake, mstari wa 21, Petro anauliza asamehe mara ngapi. Ukilichomoa hapo katikati ukalifanya kanuni ya kufukuzia watu, umelisoma nusu.

Nani aende? Mathayo 18 inamtuma aliyekosewa. Mathayo 5:23-24 inamtuma aliyekosa: ukikumbuka madhabahuni kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, ukapatane naye kwanza. Tukitii sote wawili tutakutana njiani. Na tusiipitie haraka habari ya kuiacha sadaka. Maneno yale yalisemwa Galilaya, na madhabahu ilikuwa Yerusalemu, mwendo wa siku tatu hivi kwa miguu. Mtu amesafiri siku tatu, amefika mbele ya madhabahu, ndipo anaambiwa ageuze njia. Sisi tunashindwa kuvuka safu nne za viti.

Lakini si kila jambo la kuendewa. Mithali 19:11 inasema ni fahari ya mtu kusamehe makosa, na kuna makosa yanayosamehewa kimyakimya yakaisha hapo. Wapo watu wanaotembea na Mathayo 18 kama kitabu cha stakabadhi. Kila aliyewakanyaga kidole anaandikiwa yake. Kipimo changu ni chepesi. Ikipita siku tatu au nne bado unatunga majibu ukiwa unaoga, au unachagua mlango wa kutokea ili msikutane, jambo hilo halijaisha. Nenda.

Kabla ya kwenda, chukua kalamu. Nusu ukurasa unatosha: alifanya nini au alisema nini, lini, limekuumiza vipi, na unaomba nini. Sentensi ya kwanza ndiyo inayokwamisha wengi. Iandike hivi kwamba hata yeye akiisoma atasema, "Ndiyo, hilo lilitokea." "Ana kiburi" haifai, kwa kuwa kiburi hakikutokea siku fulani saa fulani. "Kwenye kikao cha Jumamosi ulisema hesabu zangu hazieleweki, mbele ya watu wote" inafaa. Ukishindwa kuandika sentensi ya namna hiyo, huenda ulicho nacho ni chuki tu, na dawa yake ni toba yako mwenyewe.

Sasa namna ya kumwendea. Usitumie ujumbe wa simu kueleza jambo lenyewe. Maandishi hayana sauti, na yana tabia mbaya ya kupigwa picha na kutumwa kwingine. Simu itumie kupanga muda tu, na utaje jambo: "Naomba tuonane kesho jioni, nusu saa tu, kuhusu kile kikao cha Jumamosi." Ukimwandikia Jumatatu "kuna jambo nataka tuongee" halafu mkaonana Ijumaa, umemnyima usingizi siku nne, na atakuja amejivika silaha. Usimvamie mlangoni baada ya ibada watu wakipita kusalimiana. Keti naye mahali ambapo hamsikiki. Kama kukaa faragha wawili kutaleta maneno, kwa mfano kati ya mwanamume na mwanamke, kaeni mahali pa wazi mnapoonekana bila kusikika.

Ukishaketi, sema lako ndani ya dakika mbili, kisha nyamaza. Kwa mwenye umri wako inaweza kuwa hivi: "Dada, Jumamosi ulisema hesabu zangu hazieleweki. Niliumia, kwa sababu nilizipeleka kwako wiki moja kabla. Nimekuja nisikie ulimaanisha nini." Swali hilo la mwisho ni la kweli, si pambo. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba karatasi hazikumfikia, na ugomvi mzima unafia hapo hapo. Kwa mzee, 1 Timotheo 5:1 imeshatuchagulia sauti: usimkemee, umwonye kama baba. "Shikamoo mzee. Nimekuja kama mtoto wako. Kuna neno ulilisema limenikaa moyoni, nikaona ni afadhali nikuletee wewe kuliko kulipeleka kwingine." Jambo ni lile lile, mlango wa kuingilia ndio umebadilika.

Yanayoharibu mazungumzo haya yanafahamika. La kwanza ni maneno "na si mimi tu, watu wengi wanalalamika." Umeleta umati usioonekana kwenye kikao cha watu wawili, na mwenzako hawezi kuujibu. La pili ni kufukua makaburi: umekuja kwa neno la Jumamosi, sasa uko kwenye harusi ya miaka sita iliyopita. Jambo moja kwa kikao kimoja. La tatu, na hili linaudhi kweli, ni kufungua kwa sala ambayo ndiyo mashtaka yenyewe: "Bwana, mguse ndugu yangu huyu aone kosa lake." Kama mtaomba mwanzoni, ombeni mstari mmoja kwa ajili yenu wote wawili. Sala ndefu ikae mwishoni.

Na wewe uliyeendewa? Usijibu kosa kwa kosa. "Na wewe je, mwezi uliopita?" huenda ni swali halali, ila lina zamu yake. Rudia kwanza ulichosikia kwa maneno yako, uulize kama umemwelewa. Ukiona una hatia, omba msamaha bila lile neno "kama". "Kama nimekukwaza, nisamehe" inamwachia mwenzako kazi ya kuthibitisha kwamba alikwazika. Afadhali hivi: "Nilikusema mbele za watu kabla ya kukuuliza. Nilikosea. Kikao kijacho nitasahihisha mbele ya watu hao hao." Kosa limetajwa kwa jina, hakuna "lakini", na kuna jambo la kutenda.

Hilo la kutenda tumelisahau sana. Torati haikuishia kwenye samahani: Hesabu 5:7 inamtaka mkosaji aungame, arudishe alichochukua kwa ukamilifu na kuongeza sehemu ya tano yake. Zakayo, yule mtoza ushuru, alijitoza mara nne. Paulo, akimtetea mtumwa Onesimo kwa bwana wake Filemoni, aliandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba atalipa. Aliyekopa kwa mwenzake wa jumuiya akachelewesha, halafu akalia machozi ya toba bila kutaja tarehe ya kulipa, hajamaliza. Wekeni kiasi na tarehe kwenye karatasi, kila mmoja abaki na nakala. Kuandika si ukosefu wa imani. Kumbukumbu za watu wawili waliogombana hazifanani kamwe.

Tena kusamehe na kukabidhi funguo ni mambo mawili. Mtunza hazina aliyetumia fedha za kikundi anaweza kusamehewa leo jioni, na kesho fedha zikatunzwa na mwingine. Kumrudisha kwenye meza ya fedha haraka kwa jina la upendo ni kumtega.

Ikiwa hakusikia, ndipo mtu mmoja au wawili. Hapa kosa la kawaida ni kuwachagua marafiki zako ambao umeshawalisha kisa wiki nzima. Hao si mashahidi, ni kikosi. Kumbukumbu la Torati 19:15, andiko analolinukuu Yesu, linataka mashahidi ili neno lithibitike, na kuthibitika kunaweza kukugeukia wewe. Mithali 18:17 inakumbusha kwamba ajiteteaye kwanza huonekana ana haki, hadi jirani yake aje kumchunguza. Chagueni watu ambao nyote wawili mnawaamini, wasio ndugu wa damu wa upande wowote na wasiomdai mtu. Wasikie kisa kwa mara ya kwanza wote wawili mkiwepo. Kila upande useme bila kukatizwa, kisha mashahidi waulize. Wakikuambia umekosea wewe, kubali, uliwaleta wewe.

Paulo alifanya jambo la kufanana na hili katika Wafilipi 4:2-3. Euodia na Sintike walikuwa wamefarakana, na barua ilisomwa kanisani. Hatajwi nani mkosaji wala waligombea nini. Kila mmoja anasihiwa kwa jina lake, kisha mtu wa tatu anaombwa awasaidie. Anawakumbuka wote wawili kama wanawake walioishindania Injili pamoja naye. Hajawapunguzia heshima hata kidogo.

Hatua ya kanisa nitaipita haraka, maana taratibu za kila kanisa zinatofautiana na mara nyingi hupitia kwa wazee kwanza. Neno moja tu kwa wahubiri: mahubiri ya mafumbo si hatua ya tatu. Ukisimama mimbarani na kusema "wapo wengine hapa ndani" huku nusu ya watu wakigeuza shingo kumtazama mtu fulani, umemhukumu bila kikao na bila nafasi ya kujibu. Mwendee nyumbani. Hata lile "awe kwako kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru" lisomwe polepole. Tunalipata katika Injili ya Mathayo, na Mathayo ni yule yule mtoza ushuru aliyekuwa ameketi forodhani Yesu alipomwita. Uhusiano unabadilika kweli, lakini mlango haupigwi msumari.

Sasa mpaka ambao hauvukwi. Njia hii ni ya ndugu na ndugu, watu wanaoweza kuketi pamoja bila mmoja kumwogopa mwenzake. Mtoto aliyechezewa mwili hapelekwi "wewe na yeye peke yenu." Mke anayepigwa hatumwi kumwonya mumewe faraghani. Aliyebakwa haombwi kumtafuta aliyembaka. Hayo ni makosa ya jinai: mpeleke mtu mahali salama, mpeleke kwa daktari, toa taarifa polisi, na kiongozi anayehusika aondolewe kwenye huduma wakati uchunguzi unaendelea. Anayesema "tuyamalize ndani, tusiliaibishe jina la Bwana" anamlinda mkosaji tu. 1 Wakorintho 6, inayotajwa sana hapa, inahusu waumini kudhulumiana na kushtakiana kwa mambo ya maisha haya. Haikuandikwa kumficha mhalifu. Kwa mzee wa kanisa, 1 Timotheo 5:19-20 inataka mashahidi wawili au watatu, na wadumuo kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Cheo kinaongeza uwazi, hakipunguzi.

Vilevile kuna tofauti ambazo hazina mkosaji. Paulo na Barnaba walishindana vikali kuhusu kumchukua Marko safarini hata wakatengana, Matendo 15:39, na hatuambiwi nani alikuwa sahihi. Miaka baadaye Paulo huyo huyo anaomba aletewe Marko, "maana anifaa kwa utumishi." Wakati mwingine mazungumzo yatakwisha kwa watu wawili kukubaliana kutumika sehemu mbili tofauti bila kusemana vibaya. Hilo nalo ni matokeo.

Na mkipatana, imebaki kazi moja ambayo karibu kila mtu huikwepa. Kabla ya kumwendea, ulimwambia nani? Mwenzi wako, rafiki wa kwaya, mtu wa kikundi cha maombi. Wao hawakuwepo mlipoombana msamaha. Kwao yule dada wa kwaya bado ni yule aliyejibu vibaya mazoezini. Ombi lile la maombi lilienda kwa watu tisa, na sasa ni tisa wa kuambiwa. "Lile jambo nililokuambia, tumekaa, tumelimaliza, na sehemu ya kosa ilikuwa yangu." Kama ulilituma kwenye kundi la simu, taarifa hii iende kwenye kundi lile lile, na ifike kabla ya mazoezi yajayo, kwa sababu dada ataingia pale mlangoni.