Niacheni na riwaya zangu za mahaba

Wiki iliyopita mfanyakazi mwenzangu alikiona kitabu mezani kwangu, akakiinua juu ili kila mtu alione jalada: mwanamke aliyevaa gauni jekundu la hariri, mwanamume wa suti nyeusi, nyuma yao bahari. "Na elimu yako yote hiyo, bado unasoma haya?" Watu wakacheka. Hasira haijaniisha hadi leo.

Mwenzangu huyo ni mpenzi mkubwa wa riwaya za upelelezi. Tangu ukurasa wa kwanza anajua kwamba muuaji atakamatwa, na hakuna anayemwambia anapoteza muda. Mimi nikijua kwamba wawili hawa wataishia pamoja, eti hadithi ni ya kitoto. Kwa nini?

Mwisho huo ndio uhai wa riwaya za mahaba. Chama cha waandishi wake huko Marekani kilizitambulisha kwa mambo mawili tu: penzi liwe kiini cha hadithi, na mwisho uwe wa matumaini. Basi. Msomaji akishahakikishiwa hilo, anapata ujasiri wa kuyatazama machungu. Na machungu yamo, tena tele: mjane aliyeachiwa madeni, binti aliyekanwa na baba yake, mwanamke anayeogopa kupenda tena kwa sababu wa kwanza alikuwa akimpiga. Kuna riwaya nzito nilizozifunga katikati, maana mwandishi angeweza kumwacha mhusika palepale kwenye maumivu, nami sikuwa na nguvu za kushuhudia. Humu namfuata hadi shimoni, kwa kuwa najua atatoka.

Hata ule ufahari unaobezwa una kazi yake. Binti ameketi kwenye karamu ya matajiri, viatu vya kuazima vinambana, mbele yake uma kadhaa za chakula zimepangwa na hajui aanze na upi. Woga ule wa kuwa mahali ambapo unahisi kila mtu anajua hustahili kuwapo, naujua vizuri mno. Kisha mwanamume wa upande wa pili wa meza anainua uma wake polepole, amemkazia macho, anangoja mpaka binti naye ashike wa kwake. Hakuna aliyesema neno. Mimi hapo machozi hunilengalenga, na sioni aibu yoyote kulisema.

Mwaka 1984 mtafiti Janice Radway alichapisha kitabu kuhusu wanawake wa Marekani waliopenda riwaya hizi, wengi wao wake na mama wa watoto. Walimweleza kwamba wakati wa kusoma ndio waliokuwa nao peke yao, kabla mtu mwingine hajawahitaji tena. Anayeona hilo ni upuuzi hajawahi kumhudumia mtu kutwa nzima.

Dharau hii si ya jana. Mwaka 1856 George Eliot, mwanamke na mtunzi, aliandika makala kali kuhusu riwaya za kipuuzi za waandishi wa kike, akilalamikia mashujaa wenye uzuri na akili visivyo na kasoro. Pale alikuwa na haki, nakubali shingo upande. Nakubali pia kwamba katika vitabu vingi vya zamani mwanamume humshika mwanamke kwa nguvu, na mwandishi akaliita jambo hilo mapenzi. Hayo siyatetei hata kidogo, na wasomaji waliopiga kelele mpaka yakapungua nawashukuru.

Kuna moja bado linaniuma. Kitabu kinaanza, binti ni daktari wa mifugo hodari, anaamka usiku kuzalisha farasi. Kinaisha yuko kasrini, na kazi yake haitajwi tena. Waandishi wapendwa, nataka nimwone Jumatatu akivaa mabuti yake na kurudi kazini, na yule tajiri mpenzi wake amngoje jioni.