Greda au kalavati? Kupima ahadi za barabara za wagombea udiwani Buchosa

Tangu Daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025, dagaa na mananasi ya Buchosa, mkoani Mwanza, hayasubiri tena kivuko ili yafike Mwanza mjini. Kinachochelewesha mzigo sasa ni zile kilomita za vumbi kati ya mwalo au shamba na barabara kuu. Kwa hiyo anayeomba udiwani huku aulizwe barabara kabla ya jambo lingine lolote.

Ahadi zao ni za namna mbili. Wapo wanaosema halmashauri inunue greda lake, lichonge barabara za kata zote. Wengine wanataka fedha ziende kwenye maeneo korofi: kalavati (bomba la kupitisha maji chini ya barabara), mifereji, na moramu (udongo wenye kokoto) pale tu magari yanaponasa.

Ieleweke kwanza kwamba diwani hajengi barabara. Tangu 2017 barabara za wilaya zimo mikononi mwa TARURA, Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, inayotegemea sana Mfuko wa Barabara, yaani tozo iliyomo katika kila lita ya mafuta tunayonunua. Diwani hupitisha vipaumbele kwenye kamati ya maendeleo ya kata, huvitetea barazani, na huweza kuishawishi halmashauri iongezee kutoka mapato yake ya ndani. Mgombea anayeahidi barabara bila kuitaja TARURA hajaijua kazi anayoiomba.

Hoja ya greda ina uzito wake. Mkandarasi akichelewa kuingia kazini, vuli humkuta njiani na kazi husimama. Greda la halmashauri lingeweza kutoka mara mvua inapokatika, udongo ukiwa bado na unyevu, na huo ndio wakati wa kuchonga. Ukichonga kiangazi bila bowza la maji wala rola, ule udongo laini unaoshikilia kokoto hupeperuka vumbi, na baada ya wiki chache barabara inatetemesha kama unapita juu ya bati.

Lakini greda peke yake linakula barabara. Kila linapopita hushusha uso wa njia kidogo. Miaka michache ya kuchonga bila kurudishia moramu, barabara inakuwa chini kuliko mashamba ya pembeni, na mvua ikinyesha maji yote yanahamia humo. Wapo wanaolaumu mvua kwa hali hiyo, kumbe njia imegeuzwa mfereji kwa mkono wetu wenyewe.

Kurudishia moramu nako kuna hesabu yake. Kilomita 1 yenye upana wa mita 5 na unene wa sentimita 15 inahitaji mita za ujazo 750 zilizoshindiliwa. Moramu ikiwa bado haijashindiliwa hukaribia 975, yaani tripu 98 za lori la mita 10. Zidisha kwa kilomita 20 za kata moja. Ongeza dizeli ya greda, lita 15 hadi 20 kwa saa, visu vinavyolika, matairi, na dereva anayejua kuupa mgongo wa barabara mwinuko wa asilimia 4 au 5. Bila fungu la haya yote, mtambo utalala kwenye yadi ya halmashauri.

Upande wa maeneo korofi unaanzia kwenye maji, na hapo uko sahihi. Udongo mweusi wa mbuga ukilowa hauna nguvu ya kubeba gurudumu, hata uchongwe vipi. Panahitaji tuta lililoinuliwa na kalavati chini yake. Bomba la sentimita 90 ni bora kuliko la 60, kwa sababu mtu huweza kuingia kulizibua. Lijengewe kuta pande zote mbili na mawe yapangwe maji yanapotokea, la sivyo maji huchimba na bomba huanza kuning'inia. Kwenye mteremko, mifereji ya kutolea maji pembeni ikatwe kila mita 20 hadi 50.

Udhaifu wake ni kwamba kalavati huziba. Lisipozibuliwa kabla ya vuli na tena kabla ya masika, maji hupita juu na kubeba tuta zima. Tena kazi hii haionekani. Kijiji ambacho hakikupata kalavati kitaona kimesahauliwa, ingawa njia yake yote imepona kwa kalavati lililojengwa kijiji cha jirani.

Kwa maoni yetu maji yatangulie, greda likodiwe baadaye. Visiwa vya Kome na Maisome vina hesabu nyingine, maana huko barabara ya kwanza ni ziwa. Kivuko cha MV Nyerere kilichozama karibu na Ukara Septemba 2018 kilikuwa na uwezo wa kubeba watu 101, na waliokufa walizidi 220. Mgombea wa visiwani aseme nani atahesabu abiria siku ya gulio.

Mwaka wa fedha huanza Julai, lakini vipaumbele vyake hukusanywa miezi mingi kabla. Diwani atakayeapishwa bila orodha ya maeneo korofi ya kata yake, moja moja kwa jina, atakuwa ameukosa msimu mzima wa ujenzi.